Mlo wa mchana usio na haraka kwenye baa ya mvinyo Ufaransa: njooni tuelezane

Mwana_Aligre (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu jukwaani kila ukiguswa msosi wa Ufaransa, mazungumzo yanaishia pale pale: ni ghali, na utatoka na njaa. Wengi wanaosema hivyo walipelekwa kwenye migahawa ya watalii karibu na mnara wa Eiffel, wakalishwa nyama ngumu na kuletewa bili kabla hawajamaliza kutafuna. Siwalaumu. Ila ipo Ufaransa nyingine ya mezani ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, na kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote: mlo wa mchana kwenye baa ya mvinyo ya mtaani, ile isiyo na makuu.

Naishi Paris upande wa mashariki, wilaya ya 12, jirani na soko la Aligre. Mitaa yetu na ile ya wilaya ya 11 imejaa baa hizi. Kwa nje unaweza kuipita ukidhani ni duka la vinywaji, na kwa kweli nyingi ni duka pia. Ukuta mzima ni rafu za chupa, bei zimeandikwa kwa kalamu nyeupe kwenye kioo cha chupa yenyewe. Meza ni chache na zimebanana, kuna kaunta ya zinki, na ubao mweusi ulioandikwa kwa mkono vyakula vya siku hiyo. Hakuna kitambaa cheupe mezani wala mtu wa kukagua viatu vyako.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba mchana watu hawaji hapa kulewa. Baa nyingi za aina hii zina leseni ya mgahawa, na leseni hiyo inaruhusu kuuza kileo pale tu kinapoandamana na chakula. Ndiyo maana ukikaa ukaomba glasi peke yake saa saba mchana, mhudumu atakuuliza utakula nini. Hakulazimishi utumie pesa. Anafuata sheria. Na sheria hiyo imefanya chakula na mvinyo visiachane, jambo ambalo kwangu ndilo linaloufanya mchana wote uwe mtamu.

Ukiingia sema "Bonjour" kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Sisi hili halitupi shida, tumelelewa kusalimia. Mgeni anayeanza na "nataka meza ya wawili" bila salamu anahudumiwa kwa uso wa mbao, halafu anaenda kuandika mtandaoni kwamba Wafaransa wana dharau.

Basi umekaa. Unaletewa mkate na jagi la maji ya bomba. Vyote havilipiwi, ila maji yaombe mwenyewe: "une carafe d'eau". Usipoomba hivyo unaweza kuletewa chupa ya dukani, na hiyo inaingia kwenye bili.

Sasa niwaelezee sahani moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kula taratibu. Ni liki, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu. Mpishi anachemsha sehemu nyeupe mpaka inalainika kabisa, uma unaingia bila kusukuma. Anaiacha ichuje maji na kupoa, kisha anaipasua kwa urefu na kuilaza kwenye sahani. Juu yake anamwaga mchuzi wa haradali, siki na mafuta, halafu ananyunyizia yai la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo sana na majani ya kitunguu. Basi, hakuna kingine. Ni chakula cha mtu asiye na kitu, na miaka ya nyuma kilikuwa kimeanza kuonekana cha kizamani. Lakini ukikata kipande, ule utamu wa liki unakutana na ukali wa haradali, yai linapooza, na ukimaliza unachukua mkate kufuta sahani mpaka inang'aa. Kufuta sahani kwa mkate kwenye baa hizi ni heshima kwa mpishi. Nimemwona mama wa makamo aliyevaa vizuri kabisa akifuta yake huku akiendelea na stori.

Na liki hii ilinikuta na glasi ya Muscadet, mvinyo mweupe mkavu (yaani usio na utamu wa sukari) wa huko karibu na Nantes, mto Loire unapoingia baharini. Mwepesi, una kaukali fulani ka limau, haukai mdomoni kukusumbua. Nikaelewa kwa nini wanapanga chakula na kinywaji pamoja: kila tonge linasafishwa, la pili linaonja kama la kwanza.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuniuliza "umemaliza?". Sahani ilikaa mezani mpaka nilipoisogeza mwenyewe. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili kwangu. Karibuni wenye maswali, na walioko huku mchangie.

---

Kisonoko

Mkuu uzi mtamu, nimeusoma nikiwa na njaa. Swali: unakaa mpaka saa ngapi? Huku kwetu Kariakoo mchana ukimaliza wali maharage tu, dada anakuja na kitambaa kufuta meza na wewe bado umeshika kijiko. Wateja wamesimama mlangoni. Hao wanapata faida vipi mtu mmoja akikalia kiti saa tatu?

---

Mwana_Aligre

Kisonoko, umeuliza jambo la msingi.

Jiko la mchana linafungua saa sita na kwa kawaida linafunga oda kama saa nane. Ukifika saa nane u nusu ukiwa na njaa, umechelewa, utapewa labda sahani ya jibini. Lakini aliyekwisha kukaa hafukuzwi. Kwenye baa nyingi za mtaani meza inauzwa mara moja tu kwa mchana. Mwenye baa anajua hilo tangu asubuhi na ameweka hesabu zake hivyo: meza chache, mpishi mmoja, mhudumu mmoja, vyakula vichache vinavyoandaliwa mapema. Liki imechemshwa asubuhi. Pâté, ile nyama ya kusaga inayookwa na kuliwa kwa vipande, imeokwa jana yake. Nyama ya kuchemshwa taratibu iko jikoni tangu alfajiri. Faida yake inatoka kwenye glasi ya pili, kwenye jibini, na kwenye chupa unayoinunua rafuni unapotoka kwenda nyumbani.

Bili huletewi mpaka uiombe. Watalii wengi hukaa wakikasirika kwamba wamesahauliwa. Hawajasahauliwa. Kumletea mtu bili kabla hajaiomba ni kumwambia aondoke, na mhudumu mwenye adabu hawezi kukufanyia hivyo. Ukitaka kuondoka, mtazame machoni, inua kidole kidogo, sema "l'addition, s'il vous plaît".

Halafu kuna suala la kazi. Sheria ya kazi ya Ufaransa kwa muda mrefu imemkataza mwajiri kuwaacha wafanyakazi wale chakula mahali pale pale wanapofanyia kazi, na ililegezwa wakati wa korona tu. Tena waajiri wengi wanatoa vocha za chakula ambazo wao wanalipia kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake. Kwa hiyo fundi bomba, karani na mwalimu wote mchana wanatoka na wanakaa mezani. Si kila siku saa tatu, la hasha, siku ya kazi ni saa moja hivi. Lakini Alhamisi au Ijumaa, au ukiwa na siku ya mapumziko, unavuta.

---

Mama Zai

Assalaam aleikum. Nasoma nikiwa Mombasa, na nimependa unavyoeleza chakula. Mimi na mzee wangu tunatarajia kuja Paris kumwona kijana wetu anayesoma huko. Sisi kileo hatutumii wala nguruwe hatuli, na kusema kweli meza inayozungushwa pombe sipendi kukaa. Je, huo utulivu unaousema tutaupata wapi?

---

Mwana_Aligre

Waaleikum salaam Mama Zai, shikamoo. Karibuni sana Paris.

Kwa msimamo wako, mama, baa ya mvinyo siwezi kukushauri. Hata nikikutafutia chakula kisicho na nguruwe, meza za jirani zote zitakuwa na glasi. Pia kuna vitu vilivyojificha: mchuzi mwingi wa nyama unapikwa kwa mvinyo, dengu zinachanganywa na vipande vya nguruwe, na hata jibini, kwa mfano Comté, kwa kanuni zake inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa ndama.

Nendeni Msikiti Mkuu wa Paris, wilaya ya 5, mkabala na bustani ya mimea. Ulifunguliwa 1926. Upande mmoja una mkahawa wenye ua na miti, mnakaa chini ya kivuli mkiletewa chai ya nanaa kwenye glasi ndogo na halua za lozi. Pia kuna mgahawa wa kuskus na tajini. Hakuna pombe. Nimekaa pale na jamaa zangu mchana mzima na hakuna aliyetuharakisha, ndege tu wanakuja kuokota makombo mezani. Utulivu ni ule ule ninaousifia hapa.

---

Mama Zai

Marahaba mwanangu. Mungu akubariki, nimeandika yote kwenye daftari.

---

Muhaya_wa_Lyon

Mleta uzi umesema vizuri ila umeanzia mji usiofaa. Kula kwa starehe Ufaransa ni Lyon, wakuu, mimi nipo huku. Paris hizo baa zimejaa vijana wa mitindo, glasi moja bei ya sahani.

Huku tuna bouchon, vijumba vya chakula vya asili ya mji. Mvinyo unaletewa kwenye chupa nene ya kioo yenye kitako kizito, inaitwa pot, inaingia sentilita 46. Ukifika na mwenzako mnaagiza pot moja ya Beaujolais, mvinyo wa eneo la jirani na mji wetu, mnamaliza chakula nayo. Watu wa huku husema Lyon ina mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais.

Na kuna kitu kinaitwa mâchon, mlo mzito unaoliwa asubuhi. Umetokana na wafumaji wa hariri wa hapa, walioitwa canuts, waliokuwa wakianza kazi usiku wa manane, ikifika asubuhi wana njaa kweli. Utumbo, soseji, viazi, mvinyo, yote saa tatu asubuhi. Mpaka leo wapo wanaoendeleza. Mimi nilikulia kwenye ndizi na samaki wa ziwa, na huku nikapenda quenelle: samaki wa maji baridi anasagwa, anachanganywa na mayai na krimu, anaokwa mpaka anafura, kisha anamwagiwa mchuzi wa kamba wa mtoni. Kila nikiila namkumbuka mama, ingawa hajawahi kuipika.

---

Mwana_Aligre

Muhaya, kwa chakula cha jikoni nakubali, Lyon ina hoja. Kwa mvinyo sikubali moja kwa moja. Kwenye bouchon unapewa Beaujolais au Côtes du Rhône, basi. Kwenye baa ya mvinyo ya Paris kuna mvinyo wa mikoa mingi: Jura, Loire, Alsace, Languedoc, Corsica, vyote kwa glasi, na mwenye baa mara nyingi amekwenda mwenyewe shambani kwa aliyeutengeneza. Unaweza kukaa ukazunguka nchi nzima bila kusimama.

Ila hata huku Beaujolais inaheshimiwa, si ile changa tu inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Kijiji cha Villié-Morgon kilikuwa na mtu aliyeitwa Marcel Lapierre, aliyefariki 2010. Yeye na wenzake wachache walimsikiliza mwanakemia Jules Chauvet, wakarudi kwenye mvinyo wa zabibu zisizopigwa dawa, uliochachushwa na hamira iliyo kwenye zabibu zenyewe, bila kuongezewa salfa au kwa kiasi kidogo sana. Hizi baa ndogo za Paris nyingi zilikua na mvinyo huo. Morgon nzuri, yaani mvinyo wa huko kijijini, hupoozwa kidogo kabla ya kumiminwa, ingawa ni nyekundu, na ukiikuta mchana wa joto pamoja na kipande cha pâté hutaki kusimama.

---

Jembe la Kale

Naheshimu mapenzi yenu, ila niseme wazi. Nimewaona ndugu wameharibika kwa glasi mbili za mchana. Leo mbili, kesho chupa. Msiwape vijana picha kwamba kunywa mchana ni ustaarabu kwa sababu tu ni Ufaransa.

---

Mwana_Aligre

Jembe, nakushukuru kwa kulisema, na nalichukulia kwa uzito. Ufaransa yenyewe pombe inaua watu wengi, wala serikali yao haifichi. Ushauri wa wataalamu wao wa afya ya jamii ni glasi zisizozidi 10 kwa wiki, zisizozidi 2 kwa siku, na siku nyingine usiguse kabisa. Anayeendesha gari kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni mpya ni 0.2, kwa hiyo yeye asinywe.

Mimi glasi yangu ya pili inaisha na jibini, na wiki nzima inayofuata naweza nisiguse. Mwenye historia ya ulevi, nyumbani au mwilini, asije kwa ajili ya mvinyo. Baa nyingi zina juisi nzuri za matunda, na mwenzangu mmoja wa kazini ambaye hanywi huja nasi kila mara. Anakula vizuri kuliko sisi sote.

---

Zabibu_za_Dodoma

Mkuu mimi ni mkulima mdogo wa zabibu huku Dodoma. Nikifika kwenye ubao kama huo naona majina ya vijiji tu, sijui ni zabibu gani. Nifanyeje nisionekane mshamba? Na Chenin yetu huko wanaijua?

---

Mwana_Aligre

Zabibu, umenigusa moyo. Chenin Blanc mnayoilima huko asili yake ni bonde la Loire. Ukiona kwenye ubao Vouvray, hiyo ni Chenin. Savennières, Chenin. Ila jina la zabibu huwezi kuliona, kwa sababu Wafaransa wanauza mahali. Tangu 1935 wana chombo cha serikali kinachosimamia majina ya maeneo: nani anaruhusiwa kuandika Vouvray kwenye chupa, zabibu gani, mavuno kiasi gani kwa hekta. Kwa hiyo Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon, Morgon na Fleurie ni Gamay, Muscadet ni zabibu iitwayo Melon de Bourgogne. Ukishika haya machache ubao unaanza kusomeka.

Na hakuna ushamba. Mwambie mhudumu unachopenda kwa maneno ya kawaida: kikavu au chenye utamu kidogo, chepesi au kizito, na unakula nini. Akiwa mzuri atakuletea tone kidogo uonje kabla ya kujaza. Mimi siku ya kwanza kuonja Vouvray kavu nilihisi tofaa la kuchemshwa na asali kwa mbali, kisha mwisho mkavu unaoacha mate mdomoni. Nilimwambia mwenye baa kwamba nyumbani tunalima zabibu hiyo hiyo, kwenye nchi kavu, na kwamba Dodoma wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Akaacha kazi, akavuta kiti, akaanza kuuliza maswali: mvua inanyesha lini, udongo ni wa aina gani, mizabibu inalala saa ngapi ikiwa hakuna baridi. Huku mzabibu unapumzika majira yote ya baridi, na kwake ilikuwa ajabu mmea huo kufanya kazi mara mbili. Mkuu, siku ukija huku, wewe ndiye utakayeulizwa maswali.

---

Zabibu_za_Dodoma

Nimefurahi sana kusikia. Sisi kupumzika kwa mzabibu tunaupangia wenyewe kwa kupogoa. Ukikata, ndipo unauamsha, baada ya hapo unahesabu miezi. Mwambie hivyo ukimwona.

---

Mwana_Aligre

Nitamwambia, tena kwa maneno yako.

---

Kisonoko

Nirudi kwenye pesa, mkuu. Taja namba.

---

Mwana_Aligre

Sawa. Kwenye baa ninayokwenda mara kwa mara, glasi ya mvinyo inaanzia euro 6, nzuri zaidi 8 au 9. Liki au mayai ya mayonezi euro 8. Sahani kuu ya siku 17. Jibini 9, kahawa 2.50. Mtu mmoja akila sahani mbili na glasi mbili anatoka na kama 40. Si bei ya kila siku, na simdanganyi mtu. Ila bei ya ubaoni ndiyo unayolipa: kodi na huduma vimo ndani, kwa sheria. Bakshishi hulazimiki. Ukifurahi unaacha euro moja mbili mezani, na ndiyo desturi.

Ukitaka kupunguza, kuleni wawili na mgawane. Kuna sahani moja nzuri sana ya kugawana: kopo la dagaa la huku, sardini. Usicheke, linaletwa mezani likiwa wazi, dagaa wamelala ndani ya mafuta ya zeituni, pembeni siagi yenye chumvi, mkate wa kuchoma na kipande cha limau. Makopo mengine yameandikwa mwaka wa kuvuliwa, kwa sababu samaki huyo akikaa kwenye mafuta miaka kadhaa nyama inalainika na mwiba unayeyuka. Wenye duka huyageuza mara kwa mara ili mafuta yaenee. Unapaka siagi, unamlaza samaki mzima juu, unakamulia limau. Euro 12 kwa watu wawili, na mkate hauna mwisho.

Na kama baa inauza chupa za rafuni, kuchukua chupa watu wanne mara nyingi ni nafuu kuliko glasi. Unalipa bei ya duka, wanaongeza kiasi fulani cha kuifungulia mezani. Uliza kwanza ni kiasi gani.

---

Muhaya_wa_Lyon

Hapo kwenye sardini nimekuunga mkono. Na mwambie Kisonoko kuhusu chaza.

---

Mwana_Aligre

Kweli. Hapa jirani yangu, mtaa wa Théophile Roussel, kuna Le Baron Rouge. Ndani kuna mapipa makubwa ya mvinyo yenye bomba, wenyeji wanakuja na chupa zao tupu kujaziwa. Majira ya baridi, mwisho wa wiki, wanafungua chaza hapo nje. Meza hazitoshi, watu wanasimama barabarani wakizunguka mapipa, vikapu vya sokoni miguuni. Chaza wanapangwa kwa namba, na namba kubwa ndiyo chaza mdogo: namba 5 ni wadogo kuliko wote, namba 3 ndio wa wengi. Unakula na mkate mweusi na siagi, wengine wanadondoshea siki yenye vitunguu vidogo. Mimi natia limau tu, nanywa na yale maji yake ya chumvi. Aliyekulia pwani anajua harufu hiyo.

Hapo si pa kukaa saa tatu kwenye kiti, lakini mwendo ni ule ule. Nimemaliza sahani yangu pale nikiwa nimesimama na mzee wa mtaani nisiyemjua, tukiongea habari za bei za nyanya, akaondoka, akaja mwingine.

---

Binti_Msafiri

Shukrani kwa uzi huu kaka. Nina wiki moja Paris mwezi wa nane kwa ajili ya semina. Nikataze au nielekeze: nitapata baa gani, na mwanamke akiwa peke yake si tatizo?

---

Mwana_Aligre

Dada, peke yako si tatizo hata kidogo. Mchana utawakuta wanawake wengi peke yao wamekaa kaunta na kitabu au gazeti. Kaa kaunta, ndiko penye maongezi, na anayemimina ndiye atakayekuonjesha. Usipotaka maongezi, fungua kitabu, watakuacha.

Tatizo ni mwezi. Agosti biashara nyingi ndogo za Paris zinafunga wiki mbili tatu au mwezi mzima, wenyewe wanakwenda likizo. Utakuta karatasi mlangoni. Kwa hiyo piga simu au angalia mtandaoni kabla ya kutoka. Jumapili na Jumatatu nazo nyingi hazifungui, na soko la Aligre Jumatatu halipo.

Ukipata nafasi katikati ya mji, nenda Galerie Vivienne, ile njia yenye paa la kioo na sakafu ya vigae vya nakshi iliyojengwa 1823. Humo kuna Legrand Filles et Fils, duka la mvinyo la zamani lenye meza za kulia. Ni ghali kidogo kuliko mtaani kwetu, ila kwa siku moja inafaa. Hatua chache kutoka hapo, mtaa wa Petits-Champs, ipo Willi's Wine Bar, iliyofunguliwa 1980 na Mwingereza, Mark Williamson. Upande wa mfereji wa Saint-Martin ipo Le Verre Volé, ambapo unachagua chupa ukutani. Hapo weka nafasi mapema, ni padogo.

Fika saa sita na nusu, kabla wafanyakazi wa maofisini hawajajaza. Semina yako inaanza saa ngapi mchana? Kama ni saa nane, chagua siku nyingine ya kwenda. Niandikie tarehe zako, na nikiwa sina zamu nitakupeleka mwenyewe.

---

Binti_Msafiri

Jumatano sina kikao kuanzia saa tano asubuhi. Nimeiweka hiyo.

---

Mwana_Aligre

Jumatano iko sawa, siku hiyo soko lipo. Tukutane saa sita kasoro robo mlangoni pa soko la ndani, tununue matunda kwanza.